Mgonjwa Asiyetangazwa

Kabla ya kampeni za mwaka ule kuanza, hali katika kata yetu ilikuwa kama ifuatavyo. Diwani alikuwa amemaliza vipindi viwili na alikwisha kurudisha fomu ya kuomba cha tatu. Mpinzani wake wa maana alikuwa mmoja, kijana muuza pembejeo, mwenye pikipiki na adabu, ambaye hakuna aliyemchukia na wachache waliomfahamu. Kisima cha shule kilikuwa kimeharibika, kikatengenezwa, kikaharibika tena. Mahindi yalikuwa ya wastani. Na kila mkutano wa hadhara, uwe wa kisima, wa shule au wa ng'ombe walioingia mashambani, ulifunguliwa kwa wagonjwa.

Jambo hili la mwisho lahitaji maelezo, kwa kuwa sijalisikia kwingine katika wilaya ya Handeni, nami nilifundisha katika shule kadhaa za wilaya hii kabla ya kustaafu na kujenga jirani na Diwani. Alikuwa akisimama, akiisukuma baraghashia yake kidogo kuelekea sikio la kushoto, na kabla ya ajenda yoyote akawataja wanaoumwa: nani, anaumwa nini, amelala nyumba ipi, na amepungukiwa na nini. Hakusoma popote. Aliyajua hayo kwa sababu alizipitia nyumba zenyewe asubuhi, kwa miguu. Akisema kwamba bibi fulani ameteguka kifundo cha mguu na hana wa kumtekea maji, kesho yake ndoo zilijaa nyumbani kwa bibi huyo hata akalalamika kwamba hana pa kupita.

Si kila mgonjwa alishukuru. Mzee mmoja alitangazwa kuwa ana bawasiri. Alikuwapo mkutanoni, amesimama nyuma kwa sababu zinazoeleweka.

"Mheshimiwa," alisema mbele yetu sote, "ugonjwa wangu si wa kutangazwa."

"Ugonjwa ni wako, ndugu yangu," Diwani alijibu bila kubadilisha sauti. "Wageni ni wetu."

Mzee huyo alipata wageni wengi kuliko mgonjwa yeyote wa msimu ule. Wote, kwa heshima, walimsihi aketi. Hakuonekana mkutanoni hadi mvua za mwaka uliofuata.

Nimeishi na Diwani uzio kwa uzio kwa miaka mingi, na naweza kusema kwa uhakika mambo machache juu yake. Alikuwa mrefu, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu, hivyo alitembea kama mtu anayekagua ardhi. Alifungua kila hotuba kwa kusema kwamba ana maneno mawili tu, na wenye kumfahamu waliposikia hivyo walitafuta kivuli. Aligombana kwa Kizigua na kuomba radhi kwa Kiswahili. Hakumpita mtu aliyemzidi umri bila kumwamkia shikamoo, hata awe ametoka kumtukana katika kikao cha halmashauri. Alikumbuka mbuzi wa watu. Angeweza kukuuliza habari za mbuzi uliyemchinja miaka mitatu nyuma, na ukimwambia umemchinja, alisikitika kama jamaa wa marehemu.

Mtu huyo aliyeingia katika vyumba vyote vya wagonjwa alikuwa hawezi kumeza kidonge mbele ya mtu. Nilimwona mara moja tu akinywa dawa ya kichwa, barazani kwake. Alinigeuzia mgongo kwanza, kama anayebadilisha nguo. Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema anahisi vumbi.

Mgongano huu nilianza kuuelewa nilipokumbuka alivyoupata udiwani. Aliyemtangulia alikuwa mzee mwenye shinikizo la damu na miguu iliyovimba. Wakati wa kampeni alikuwa amelala nyumbani, na wapambe wake walikuwa wakisema anapumzika. Mgombea wetu, ambaye wakati huo alikuwa mkulima wa machungwa na mjumbe wa kamati ya shule, alisimama mkutanoni na kumtangaza: ugonjwa wake, nyumba yake, na kwamba amepungukiwa na watu wa kumsalimu. Akatuomba tukamjulie hali. Tulikwenda, kata nzima, kwa zamu, huyu na kuku, yule na tungule, yaani nyanya. Tulimwona amelala. Mkutano uliofuata, mgombea wetu alisema sentensi moja ambayo ilitosha: "Kata haiongozwi kutoka kitandani." Alishinda. Yule mzee alipofariki baadaye, Diwani ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na alilia machozi ya kweli. Mpaka leo sijui kama tangazo lile lilikuwa huruma au hesabu. Nimemwona akifanya yote mawili kwa uso uleule.

Jambo jingine la kumweleza ni ukali wake katika mambo ya ukwe. Kwetu, baba mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kutokaribiana, lakini wengi wa siku hizi wameshalegeza. Diwani hakulegeza. Binti yake aliolewa na fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge kule Ngombezi, kijana mpole anayeishi Kwamndolwa, pale Korogwe mjini. Tangu harusi, Diwani hakuwahi kunywa hata maji katika nyumba hiyo. Mkwe huyo alipokuja kusalimu, mmoja aliketi sebuleni na mwingine uani, na salamu zilipita kwa mama wa nyumba. Wakikutana njiani, mmoja wao aliacha njia. Mara moja waliacha njia wote wawili, kila mmoja upande wake, na mbuzi wakapita katikati.

Sasa nije kwenye kutoweka kwake.

Uzinduzi wa kampeni katika kata ulifanyika uwanja wa shule. Picha za Diwani zilikuwa kila mahali, kwenye milango ya maduka, kwenye miti, kwenye mgongo wa fulana na makalio ya kanga. Hakuwahi kuonekana zaidi ya siku hiyo. Mwenyewe hakuwapo. Meneja wake wa kampeni, mwalimu mwenzangu mstaafu mwenye suti moja nzuri, alishika kipaza sauti na kusema kwamba Mheshimiwa yuko kwenye majukumu. Kisha akaanza kueleza habari za kisima.

Watu hawakumsikiliza. Walikuwa wakingoja.

"Wagonjwa?" aliuliza mzee mmoja kutoka mbele.

"Naam?"

"Hujataja wagonjwa."

Meneja aliangalia karatasi zake, ingawa hapakuwa na karatasi ya jambo hilo. "Leo hakuna wagonjwa," alisema.

Kwa kuwa jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu Diwani achaguliwe, kila aliyekuwapo alielewa kwamba mgonjwa yupo, na ni nani.

Majukumu yaliendelea. Mkutano uliofuata yalikuwa majukumu mazito, na ule wa tatu Mheshimiwa alikuwa ametoka kidogo. Wengine walisema yuko India. Wengine walisema amelala Dar es Salaam katika hospitali yenye lifti. Kuna waliosema ana mke mdogo Muheza, jambo ambalo wanawake walilikataa kwa sababu ya goti. Mkewe, ambaye sisi majirani humwita Mama, alijibu wote kwa adabu kwamba mzee hajambo. Tatizo, kama nilivyoeleza, si kwamba watu walikuwa na umbeya. Walikuwa wamezoeshwa kumtembelea mgonjwa, na mgonjwa asiye na nyumba hatembeleki. Kuku kadhaa walikuwa wamefungwa miguu tayari, hawana pa kupelekwa.

Hapo ndipo alipoingia binamu yake.

Huyu ni binti wa shangazi yake Diwani, aliyeolewa Bungu, milimani, na kila siku ya gulio hushuka Handeni na karoti na kabichi. Kwa kuwa ni mabinamu, ni watani, na utani wao walikuwa wakiutekeleza kwa bidii ya watumishi wa umma. Alimwita Diwani mume wangu. Diwani alimwita mzigo wa milimani. Kila gulio alimtukana kwa sauti kuanzia stendi hadi sokoni, naye alimjibu tusi kwa tusi, na baada ya hapo alimnunulia chai.

Magulio yalipita bila kumwona. Alimuuliza Mama, akaambiwa mzee hajambo. Akaja kwangu.

"Mwalimu, mume wangu yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hajawahi kuniacha nimtukane magulio yote haya bila kujibu. Ama amekufa, ama ananikimbia."

"Pengine anaumwa."

"Anaumwa nini ambacho mimi sikijui? Matako yake nimeyajua tangu utotoni."

Siku ya mkutano wa kampeni wa sokoni, Meneja alipokuwa akisema kwamba Mheshimiwa yuko katika mawasiliano ya karibu, binamu alipanda jukwaani. Hakuna aliyemzuia, mtani hazuiliwi. Alikuwa amepata baraghashia mahali fulani. Aliivaa, akaisukuma kuelekea sikio la kushoto, akaweka mikono nyuma, akatembea mbele ya watu kwa goti bovu.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ya Diwani, nayo ilikuwa sauti ya Diwani hasa, "nina maneno mawili tu. Kisima kimeharibika. Na mimi nimeharibika."

Watu walicheka hadi wakashikana. Alimwigiza akimwamkia adui, akimsikitikia mbuzi, akikasirika kwa Kizigua. Kisha mzee mmoja aliyekuwa akicheka aliacha kucheka, na walio karibu naye wakaacha, na ukimya ukasambaa kama maji yaliyomwagika. Nami nilielewa kwa kuchelewa kidogo. Kwetu mtani humwigiza mtu namna ile, kwa kofia yake na mwendo wake, siku moja tu: siku anapozikwa.

"Kumbe," alisema mzee yule, na akavua kofia yake.

Kufika alasiri, nyumbani kwa Diwani wanawake walikuwa wameshaleta unga na kuni, wanaume wameshaleta mabenchi ya msikitini na majembe mawili ya kuchimbia. Mikeka ilitandikwa. Moto ukawashwa. Hakuna aliyemuuliza Mama kama mumewe amekufa, kwa kuwa si adabu kumuuliza mjane swali hilo. Naye Mama hakumwambia yeyote kwamba yu hai, kwa kuwa swali la pili lingekuwa yuko wapi, na alikuwa ameapishwa. Aliwapikia waombolezaji unga wao. Katikati ya kazi hiyo alinifuata uzioni, mikono ikiwa na ugali.

"Mwalimu, nenda Kwamndolwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie watu wameshakaa matanga. Mwambie nimechoka kuwa mjane."

"Kwamndolwa? Kwa mkwe wake?"

"Ungemtafuta huko?"

Nilikiri kwamba nisingemtafuta huko.

Nilipanda basi la Korogwe asubuhi. Binti yake alinifungulia, akaniamkia, na bila kuniuliza nilichokifuata akasema baba yuko uani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, amevaa msuli, kichwa wazi. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake. Kutoka chini ya msuli ulitoka mpira mwembamba ulioshuka hadi kwenye mfuko wa mkojo, na mfuko huo ulikuwa umefunikwa kwa fulana ya kampeni yenye picha yake mwenyewe, akitabasamu.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona."

"Ni tezi dume. Mkojo ulifunga kabisa, usiku nikaletwa hapa Korogwe, wakaniwekea mpira. Daktari anataka kunipasua. Nimemwambia baada ya kura."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema figo hazijui tarehe ya kura." Alilitafakari jibu hilo kwa chuki. "Wakinilaza wodini, Mwalimu, jina langu litaitwa kwa sauti kila asubuhi. Na Korogwe hakuna wodi isiyo na mtu wa Handeni. Unajua nilimsema vipi yule mzee aliyenitangulia."

"Najua."

"Basi."

Nilimuuliza anaishije na mkwe. Alisema wanakohoa. Kijana akitoka zamu alikohoa mlangoni, naye akaingia chumbani kabla mwingine hajaingia uani. Yeye akitaka kwenda msalani alikohoa, na kijana akatazama ukuta. Walikuwa wameishi hivyo, bila kuonana, tangu alipoletwa. Alilisema hili kwa fahari kidogo.

Nikampa habari za matanga. Alisikiliza kama taarifa ya kamati.

"Unga umeletwa mwingi?"

"Mwingi."

"Kitongoji cha juu walileta?"

"Walileta."

"Na yule kijana wa pembejeo?"

"Alileta kuni."

"Mbichi au kavu?"

"Kavu."

"Basi ameamini kweli nimekufa," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuguswa.

Nilimwambia kwamba hana budi kusema ukweli, kwamba akitangazwa watu watakuja.

"Watanipigia kura?"

"Watakuja."

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo ninaloweza kukuahidi."

Kisha mlangoni tukasikia kikohozi. Kijana alikuwa ametoka zamu mapema. Diwani aliinuka haraka akimbilie chumbani, goti likamgomea, mguu ukakanyaga mpira. Alitoa sauti ambayo sitaieleza. Mfuko ulianguka chini, fulana ikadondoka upande wake, naye akabaki ameinama, ameshika kiti, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mkwe aliingia uani. Alisimama. Nilimwona akitafuta mahali pa kuelekeza macho na akakosa. Kisha alipiga magoti, akauokota mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa, akaunyoosha mpira, akauning'iniza mfuko mahali pake, akaufunika. Yote hayo aliyafanya uso ukiwa umeelekea kwenye kitalu cha mchicha.

"Shikamoo baba," aliuambia mchicha.

"Marahaba," alisema Diwani, akiutazama ukuta.

Kijana aliingia ndani. Diwani alijikalisha polepole, akapangusa uso kwa pindo la msuli. Alianza kuzungumza kwa Kizigua, akaacha, akaendelea kwa Kiswahili.

"Mkwe ameshaona," alisema. "Nimfiche nani tena?"

Alinyoosha mguu wenye goti bovu.

"Katangaze, Mwalimu. Taja yote. Jina la ugonjwa, lisipambwe. Nyumba."

"Na ulichopungukiwa?"

"Kiti," alisema. "Hiki kinaniumiza."

Nilitangaza jioni ileile, nyumbani kwake, mbele ya watu waliokuwa wakila matanga yake. Nilisema ni tezi dume, kwamba ana mpira wa mkojo, kwamba amelala Kwamndolwa kwa mume wa binti yake, na kwamba amepungukiwa na kiti. Habari ya ugonjwa ilipokewa kwa utulivu. Habari ya kwa mkwe ndiyo iliyowafanya wanawake washike vichwa. Binamu alisikiliza hadi mwisho, akavua baraghashia, akaikunja, akaitia katika kikapu cha karoti.

Siku ya mwisho ya kampeni, magari yote ya matangazo yalikosa watu wa kuwatangazia, kwa sababu kata ilikuwa Korogwe. Walikodi lori la mahindi. Waliteremka Kwamndolwa na viti, mabenchi, mikeka, na wale kuku. Ua wa mkwe haukutosha; wengine waliketi barabarani, na majirani wa Kwamndolwa walikuja kutoa pole wakidhani ni msiba. Kijana wa pembejeo alikuja kwa pikipiki, akaamkia shikamoo, akakaa mwisho wa mkeka, akala alichopewa.

Diwani alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba kivulini, baraghashia kichwani, mfuko ukionekana. Kila mtu alimshika mkono. Wengi walimuuliza maswali ya ugonjwa, naye aliyajibu yote kwa ukamilifu, hata yale ambayo hayakuhitaji ukamilifu. Mzee wa bawasiri alikuwapo. Alikaa naye muda mrefu kuliko wengine.

"Mume wangu," binamu alisema kutoka mlangoni, "nimekulilia bure sokoni. Nirudishie machozi yangu."

"Yapeleke Bungu ukamwagilie kabichi, mzigo wa milimani."

"Hata mkojo umekukataa!"

"Umenikataa kwa sababu ulisikia wewe unakuja."

Walicheka wote, pamoja na mgonjwa mwenyewe, akiwa amejishika tumbo la chini kwa maumivu. Meneja, aliyekuwa amevaa ile suti, aliona hapo nafasi na akainuka kuomba kura. Diwani alimwashiria akae. Alisema hapa watu wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Meneja alikaa.

Lori liliondoka kabla ya jua kuzama. Wakati wa kuaga kila mmoja alimwambia apone haraka, na nina hakika hapakuwa na hata mmoja aliyesema hivyo kwa unafiki.

Jioni hiyo Diwani aliingia wodini kwa jina lake kamili. Alipasuliwa, na upasuaji ulikwenda vizuri. Kijana wa pembejeo alishinda katika vituo vyote vya kata, kikiwamo kile kilicho mbele ya nyumba ya Diwani.